Rangi, bamba la silika au HPLC: njia ipi ichaguliwe kupima viambato vyenye faida katika mimea

Mtu anapopeleka unga wa majani maabara na kuomba apimiwe "dawa iliyomo", huwa ameuliza maswali matatu kwa pumzi moja. La kwanza ni kama huo ndio mmea wenyewe anaodhani anao. La pili ni kiasi cha kundi zima la viambato, kwa mfano polifenoli au flavonoidi zote kwa jumla. La tatu ni kiasi cha kiambato kimoja kinachojulikana kwa jina, kama kurkumini katika kiungo cha manjano, katika kila gramu ya unga. Kila swali lina njia yake ya upimaji, na njia inayojibu swali moja vizuri inaweza kulijibu jingine vibaya kiasi cha kumpotosha mtu. Ulinganisho huu unawalenga wanaolazimika kuchagua: mwanafunzi anayeandaa utafiti, msindikaji wa viungo au dawa za mitishamba anayetaka kuandika kiwango kwenye lebo, na maabara ndogo inayojiuliza inunue kifaa gani kwanza.

Niseme mapema ninakoegemea. Njia za rangi zinafaa kupanga na kuchuja sampuli nyingi, lakini hazifai kuwa ushahidi wa lebo. Bamba la silika linadharauliwa isivyostahili. HPLC, yaani kromatografia ya kimiminika yenye ufanisi wa juu, mashine inayovitenganisha viambato na kupima kimoja kimoja, ndiyo inayobeba mzigo wa lebo, ila nayo ina maeneo inakodanganyika, na wanaoiamini bila kuyajua huumia zaidi kuliko wanaotumia kifaa duni kwa tahadhari.

Njia za rangi

Njia inayotumika zaidi kupima polifenoli zote ni ile ya kitendanishi cha Folin-Ciocalteu. Otto Folin na Vintilă Ciocâlteu walikichapisha mwaka 1927 kwa ajili ya kupima tairosini na triptofani katika protini, na mwaka 1965 Singleton na Rossi wakakirekebisha kwa ajili ya fenoli za mvinyo. Asili hiyo si habari ya pembeni, kwa sababu inaeleza udhaifu wa njia hii hadi leo: kitendanishi hakikuundwa ili kiitambue polifenoli. Kinaitikia chochote chenye uwezo wa kutoa elektroni katika mazingira ya alkali.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kiwango cha kimataifa cha chai, ISO 14502-1, kinaagiza gramu 0.2 za chai iliyosagwa zitolewe kwa methanoli ya asilimia 70 iliyopashwa moto hadi nyuzi 70 za Selsiasi, mara mbili, dakika kumi kila mara. Mchujo unapunguzwa makali mara mia moja, mililita moja yake inachanganywa na mililita tano za kitendanishi, na baada ya dakika chache zinaongezwa mililita nne za sodiamu kaboneti ya asilimia 7.5. Saa moja baadaye mrija uliokuwa wa manjano hafifu umegeuka samawati, na ukali wa rangi hiyo unasomwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 765. Namba inayopatikana inalinganishwa na grafu ya asidi ya galiki, fenoli sahili ya kulinganishia, ndiyo maana majibu huandikwa kama miligramu zinazolingana na asidi ya galiki. Neno "zinazolingana" lisipuuzwe: halina maana kwamba sampuli ina asidi ya galiki kiasi hicho, wala kwamba ina polifenoli za uzito huo hasa.

Ubora wa njia hii uko katika wepesi wake. Inahitaji spektrofotometa ya kawaida (kifaa kinachosoma ukali wa rangi), mizani nzuri, na mkono usiotetemeka kwenye pipeti, na mtu mmoja anaweza kupima sampuli nyingi kwa siku. Ubaya wake ni kwamba vitamini C huigeuza rangi kuwa samawati, sukari zenye uwezo wa kutoa elektroni hufanya hivyo, salfaiti hufanya hivyo, na protini zenye tairosini nazo hivyo hivyo. Kwa hiyo ukipima tunda lenye vitamini C nyingi bila kuiondoa wala kuikadiria, sehemu ya "polifenoli" utakazoripoti ni vitamini C. Kwa majani ya chai makosa hayo ni madogo, na ndiyo sababu kiwango cha chai kiliweza kuikubali. Kwa juisi ya matunda makosa yanaweza kuwa makubwa.

Njia ya alumini kloraidi kwa flavonoidi ina shida ya aina yake. Alumini hushikamana vizuri na flavoni na flavonoli, na kutoa rangi ya manjano inayosomwa karibu na nanomita 415, lakini flavanoni, zile zilizojaa katika machungwa na ndimu, huitikia kwa unyonge. Mtafiti anayeandika "flavonoidi zote" baada ya kutumia njia hii kwenye ganda la chungwa ameandika jambo ambalo mrija wake haukusema.

Kuhusu vipimo vya uwezo wa kuzuia oksidisho, kile maarufu cha DPPH, kilichoelezwa na Blois mwaka 1958, kinatazama jinsi mchujo unavyoififisha rangi ya zambarau ya kemikali ya DPPH, inayosomwa kwenye nanomita 517. Kinafaa kulinganisha sampuli zilizopimwa siku moja, kwa mkono mmoja, katika kiyeyushi kimoja. Hakifai kutumika kama kipimo cha faida kwa mwili wa binadamu. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa kwenye tovuti yake orodha ya thamani za ORAC za vyakula, kipimo kingine cha uwezo wa kuzuia oksidisho, ikieleza kuwa thamani hizo hazina uhusiano na athari za viambato hivyo katika afya ya binadamu, na kwamba watengenezaji wa bidhaa walikuwa wakizitumia vibaya. Natamani kila anayetaka kuchapisha namba ya DPPH kwenye pakiti akumbuke uamuzi huo.

Hata hivyo si haki kuziweka njia zote za rangi katika kapu moja, kwani zipo zilizobuniwa kwa akili ya kipekee. Anthosianini, zile rangi nyekundu na zambarau za matunda, hubadilika rangi kadiri pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, inavyobadilika: kwenye pH 1.0 huwa nyekundu iliyokolea, na kwenye pH 4.5 hufifia karibu kutoweka. Ukisoma sampuli ileile katika hali zote mbili kwenye nanomita 520 na 700, kisha ukatoa, kila rangi isiyojali pH inajifuta yenyewe kwenye hesabu, ikiwemo rangi nyingi za viwandani ambazo mtu anaweza kuongeza ili bidhaa ionekane imekolea. Vivyo hivyo titresheni ya vitamini C kwa rangi ya DCPIP inagharimu bureti moja na chupa chache tu, na inatoa jibu la kiambato kimoja, ilimradi ukumbuke kwamba haihesabu ile sehemu ya vitamini iliyokwisha kuoksidishwa, na kwamba mchujo wenye rangi nzito unaficha mwisho wa titresheni.

Bamba la silika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanaporuka. Kromatografia ya bamba, yaani kutenganisha viambato juu ya bamba, inahitaji bamba lililopakwa silika, chombo cha kioo chenye mfuniko, kiyeyushi, na taa ya urujuanimno. Unadondosha nukta ya mchujo karibu na ukingo wa chini, unalisimamisha bamba ndani ya kiyeyushi chenye kina cha nusu sentimita, na kiyeyushi kinapopanda kinavibeba viambato kwa kasi tofauti.

Nitoe mfano wa manjano. Tulikuwa na mafungu kadhaa ya unga, tukatoa kila fungu kwa ethanoli na kuusoma mchujo kwenye nanomita 425, ambako kurkumini hufyonza mwanga sana. Fungu moja liliyapita mengine kwa mbali, na kwa namba peke yake lingeitwa bora kuliko yote. Tulipoyadondosha yote kwenye bamba moja na kuyapandisha kwa mchanganyiko wa kloroformu na methanoli, kwa uwiano wa 95 kwa 5, mafungu mengine yalionyesha nukta tatu za manjano zilizopangana: kurkumini juu, demethoksikurkumini chini yake, na bisdemethoksikurkumini chini zaidi. Fungu "bora" lilikuwa na nukta hizo tatu zikiwa hafifu, na doa kali la manjano lililokataa kuondoka kwenye mstari wa kuanzia. Hiyo ndiyo tabia ya rangi ya viwandani yenye kundi la salfoneti, kama metanil yellow, ambayo hufyonza mwanga karibu na eneo lilelile la kurkumini. Spektrofotometa haikukosea, ilisoma rangi, na rangi ilikuwepo.

Lazima niongeze kuwa uchafuzi wa hatari zaidi katika manjano, yaani kromati ya risasi, hauonekani kwenye bamba, wala kwenye rangi ya mchujo, wala kwenye HPLC, kwa kuwa hauyeyuki katika ethanoli. Huo unahitaji kipimo cha metali. Namba nzuri ya kurkumini haimhakikishii mlaji usalama wake.

Udhaifu wa bamba ni kwamba kwa jicho linatoa makadirio tu ya kiasi. Zipo bamba za daraja la juu zenye chembe ndogo zaidi, zinazosomwa kwa mashine, na hizo hutoa namba zinazoweza kukubalika, lakini mashine yake si kifaa cha maabara ndogo. Kwa swali la kwanza, la kama huu ndio mmea wenyewe, sijaona njia inayotoa jibu la wazi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

HPLC

Msingi wa kromatografia uliwekwa na mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet, aliyepitisha rangi za majani kwenye mrija uliojazwa unga wa chaki na kuziona zikijitenga kwa tabaka. Kazi yake ya mwaka 1906 ndiyo iliyoipa njia hii jina lake. HPLC inafanya jambo lilelile kwa pampu yenye shinikizo kubwa na safu, yaani mrija uliojazwa chembe za mikromita chache. Manjano yakipita kwenye safu ya C18 (aina ya kawaida ya safu) kwa asetonitrili na maji yenye asidi kidogo, yanatoa kwenye grafu, iitwayo kromatogramu, vilele vitatu vilivyoachana: bisdemethoksikurkumini kwanza, kisha demethoksikurkumini, kisha kurkumini. Kila kilele kinalinganishwa na kiambato rejea chenye usafi unaojulikana, na hapo ndipo unaweza kuandika miligramu bila kuweka neno "zinazolingana".

Chai inaonyesha vizuri uhusiano wa njia hizi mbili. Sehemu ya kwanza ya ISO 14502 inapima polifenoli zote kwa rangi. Sehemu ya pili inapima katekini moja moja kwa HPLC. Walioandaa kiwango hawakuifuta moja kwa ajili ya nyingine, kwa sababu mnunuzi anayelinganisha mafungu mengi anahitaji ya kwanza, na anayetaka kuandika kiasi cha EGCG, mojawapo ya katekini hizo, kwenye kidonge anahitaji ya pili.

Sasa mapungufu. La kwanza ni kwamba kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno, kilichomo katika HPLC nyingi, huona kiambato kinachofyonza mwanga tu. Artemisinini, dawa ya malaria kutoka mmea wa Artemisia annua iliyomletea Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, haina kundi linalofyonza mwanga vya kutosha. Mtu anaweza kuisukuma kwenye safu nzuri kabisa na asione kilele chochote cha maana huku dawa imepita. Suluhisho ni kutumia kigunduzi cha mtawanyo wa mwanga baada ya uvukizaji, au spektrometa ya masi (inayotambua molekuli kwa uzito wake), au kuibadilisha kwanza kwa alkali na kisha asidi ili ipatikane kampaundi inayoonekana kwenye nanomita 260. Kwa hiyo swali la "je, mna HPLC?" halitoshi, uliza ina kigunduzi gani.

La pili ni udanganyifu uliotengenezwa makusudi kufuata kipimo. Mchujo wa ginkgo huuzwa ukiwa umesanifishwa kwa karibu asilimia 24 ya flavonoli zenye sukari. Njia ya kawaida ya kuzipima huvunja sukari hizo kwa asidi, kisha HPLC inahesabu kwasetini, kaempferoli na isoramnetini zilizobaki. Mfanyabiashara asiye mwaminifu anaongeza rutini ya bei nafuu kutoka mmea mwingine. Baada ya kuvunjwa, rutini nayo inakuwa kwasetini, na jumla inafika. Anayepitisha kwenye HPLC mchujo uleule kabla ya kuuvunja, akatazama umbo zima la kromatogramu, anaiona rutini imesimama kupita kiasi. Kifaa ni kilekile, lakini mmoja alitazama jumla na mwingine alitazama picha nzima.

La tatu ni gharama isiyotajwa siku ya kununua: viambato rejea, viyeyushi safi, safu zinazochoka, umeme usiokatika, na mtu aliyefunzwa kukaa nayo. HPLC isiyo na viambato rejea inachora vilele vizuri visivyo na majina.

Gesi, masi na nyinginezo

Kwa mafuta yenye harufu, kama eujenoli ya karafuu au thaimoli, kromatografia ya gesi ndiyo chaguo la wazi, hasa ikiunganishwa na spektrometa ya masi yenye maktaba ya kulinganishia. Sharti lake ni kwamba kiambato kiwe tayari kugeuka mvuke bila kuharibika. Kurkumini na flavonoidi zenye sukari hazivumilii hilo, na kuzigeuza kwanza kwa kemikali ili ziruke ni kazi ya ziada ambayo HPLC haihitaji.

HPLC iliyounganishwa na spektrometa ya masi ndiyo yenye jicho kali kuliko zote hapa, na inafaa pale kiambato kilipo kidogo mno au mchanganyiko ni mzito. Tatizo lake ni kwamba viambato vingine vinavyotoka kwenye safu wakati uleule vinaweza kukizima au kukikuza kiambato unachokitafuta, na bila kiwango cha ndani, ambacho kwa kawaida ni kiambato kilekile chenye isotopu nzito, namba inaweza kuwa na desimali nyingi na ukweli mchache. Mwangaza wa infraredi ya karibu hupima unga kwa sekunde bila kuuharibu, lakini lazima ufundishwe kwanza kwa sampuli nyingi zilizokwisha kupimwa kwa njia nyingine, hivyo unamfaa mwenye kiwanda kinachopokea mmea mmoja kila siku. NMR ya kiasi, inayosoma viini vya atomi ndani ya sumaku kali, haihitaji kiambato rejea kinachofanana na kile kinachopimwa, nayo ni sifa adimu; hata hivyo uhafifu wa usikivu wake na bei ya mashine huiacha mikononi mwa taasisi kubwa.

Sampuli huamua kabla ya kifaa

Njia zote hizi huanza na mmea uliokwisha kukatwa, kukaushwa na kusagwa, na hapo ndipo nimeona tofauti kubwa kuliko tofauti ya kifaa na kifaa. Kitunguu saumu kizima hakina alisini ya kuzungumzia. Kina aliini, na kimeng'enya kiitwacho alinasi kilichotengwa nayo ndani ya seli. Ukiponda punje, viwili hivyo vinakutana na alisini inazaliwa papo hapo, pamoja na harufu inayojulikana. Ukiipasha moto punje kabla ya kuiponda, kimeng'enya kinakufa na alisini haizaliwi. Maabara mbili zenye HPLC zinazofanana, moja ikiponda na kusubiri kidogo, nyingine ikitumbukiza punje kwenye methanoli ya moto, zitatoa majibu yanayopingana kuhusu kitunguu kimoja, na zote zitakuwa zimesoma sawasawa.

Kikundi cha Tu Youyou kilikutana na jambo la aina hiyo. Mafanikio yao ya mwaka 1971 yalikuja walipoacha kutoa dawa kwa moto mwingi na kutumia etha kwenye joto la chini. Karotenoidi nazo huharibiwa na mwanga, hivyo hushughulikiwa katika chumba chenye mwanga hafifu na vyombo vya rangi ya kahawia.

Maji nayo yanabadilisha hesabu. Jani bichi lenye maji asilimia 80 likionyesha miligramu 4 kwa gramu, kwa msingi wa uzito mkavu ni miligramu 20. Ripoti isiyosema ni msingi gani imetumia haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote, hata kama vifaa ni vilevile. Na kabla ya kuamini namba, ongeza kiasi kinachojulikana cha kiambato rejea kwenye sampuli tangu mwanzo wa utoaji: ukiweka miligramu 10 na ukapata 7 juu ya zile za awali, njia yako inapoteza asilimia 30 njiani, na hakuna safu ya bei ghali itakayozirudisha.

Achague nini nani

Mwanafunzi anayelinganisha aina ishirini za mmea mmoja, au nyakati tofauti za kuvuna, aanze na njia ya rangi, kwa sharti kwamba asiite jumla ya Folin "kiasi cha dawa". Msindikaji anayepokea unga kutoka kwa wauzaji wengi awe na bamba na taa mlangoni kabisa, kabla unga haujaingia ghala. Anayetaka kuandika jina la kiambato na miligramu zake kwenye lebo hana njia ya mkato: apeleke kwenye HPLC, au kwenye kromatografia ya gesi kama kiambato ni cha harufu, na aombe nakala ya kromatogramu pamoja na namba. Maabara ndogo inayoanza inunue spektrofotometa, vifaa vya bamba na mizani nzuri, na fedha ya HPLC iitunze hadi ipate pia mtu wa kuiendesha na bajeti ya viambato rejea kwa miaka kadhaa.

Asiyemudu kupima kila kitu kwa HPLC anaweza kupima sampuli zote kwa rangi, kisha akachagua chache za juu, chache za chini na chache za katikati akazipeleka kwenye maabara yenye HPLC. Mpangilio wa majibu mawili ukifanana, ana sababu ya kuiamini rangi kwa mmea huo. Usipofanana, bamba litamsaidia kuona ni nini kilichoingia kati. Kwa sababu hiyo unga wa kila sampuli usagwe mara moja, ugawanywe, na nusu ihifadhiwe kwenye friza ndani ya chupa ya kahawia iliyofungwa vizuri, yenye tarehe ya kusagwa na kiasi cha maji kilichopimwa siku hiyo, ili maabara ya pili ipokee kitu kilekile kilichopimwa na ya kwanza.